Paneli Iliyovishwa Kitambaa

Fundi Pindo hakuwahi kushona kimya. Mguu kwenye pedali, mkono kwenye kitambaa, mdomo kwa wapita njia. Ukipita mbele ya baraza lake lazima upate lako.

"We mwalimu! Hiyo suruali inaomba msaada, huisikii?"

"Nitaileta kesho, fundi!"

"Kesho itakuwa kaptula!"

Halafu cherehani inaendelea, ta-ta-ta-ta, kama hakuna aliyesema kitu.

Hilo jina la Pindo alipewa na wateja. Pindo akilishona yeye halifumuki. Suruali itachanika magoti, itapauka rangi, atairithi mdogo mtu, lakini pindo liko palepale.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye na wajukuu wake wawili. Mkubwa alikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo mkali, babu yake akamwita Sindano. Mdogo alikuwa mvulana, mviringo kila upande, huyo akawa Kifungo. Shuleni walikuwa na majina mengine, lakini pale barazani nani aliyahitaji? Mama yao, binti pekee wa Fundi Pindo, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sabuni, mji wa mbali. Alikuwa anakuja akipata ruhusa, na ruhusa zenyewe zilikuwa za kubembeleza.

Nyumba yao ilikuwa mwisho wa barabara. Nguzo za umeme zilikuja mpaka sokoni, zikachoka hapohapo. Simu walikuwa wanaipeleka kuchaji kwa kinyozi. Jua likizama, Fundi Pindo anafunika cherehani, anawasha mshumaa, anakaa. Na akikaa, mawazo yanaanza safari.

Enzi za mkewe ilikuwa vingine kabisa. Enzi zile palikuwa na karabai, taa ya mafuta ya kupiga pampu. Mke wake ndiye aliyekuwa anaipiga pampu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Anapiga, anapiga, ile soksi ya ndani ya kioo inaanza kung'aa, nyekundu, njano, halafu ghafla nyeupe pee! Baraza zima linakuwa mchana. Karabai inanguruma shhhh, na watoto wa jirani wanakuja na madaftari yao, wanajipanga chini kama vifaranga. Fundi anashona, wao wanasoma, mkewe anafuma vitambaa. Kelele, vicheko, mmoja analia kaibiwa kalamu. Wakati ule Fundi Pindo alikuwa analalamika kwamba watoto hawa wanamharibia kazi. Sasa hivi angewaalika kwa barua.

Na vile vitambaa! Yule mama hakuacha kitu uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Mtungi wa maji, meza, viti, saa ya ukutani, kila kimoja na chake, cheupe, chenye maua ya kufuma na matundu madogo madogo. Siku moja Fundi alisinzia kwenye kiti, akaamka ana kitambaa kichwani.

"Nini hiki?"

"Samahani, mume wangu," mkewe akasema bila kuinua macho. "Ulivyokuwa unakoroma nilidhani redio."

Mke alipofariki, karabai ilikaa mwaka mmoja tu. Kioo kikavunjika, soksi zikapotea madukani, mafuta yakapanda. Watoto wa jirani wakakua, wakatawanyika. Baraza likabaki na fundi, wajukuu wawili, na mshumaa.

Sasa Sindano alikuwa ameingia darasa la mtihani. Jioni moja aliinamia daftari, akainama zaidi, usingizi ukamchota, na nywele za mbele zikashika moto. Fundi aliruka na kitambaa alichokuwa anakata, akauzima nacho. Sindano hakuumia, nywele tu ziliungua, na kurasa kadhaa za hesabu. Wakakubaliana wote watatu kwamba mama asiambiwe.

Siku mbili hazikupita, Kifungo akapewa simu amsalimie mama.

"Mama, shikamoo. Sindano aliwaka."

Basi. Simu ikarudi kwa babu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Si jambo kubwa, ni nywele tu, zita..."

"Baba, mwisho wa mwezi nakuja. Nawachukua."

"Unawachukua uwapeleke wapi? Si una chumba kimoja?"

"Kina taa, baba."

 Fundi Pindo alishika simu mpaka ikakatika yenyewe. Akawatazama wajukuu wake. Kifungo alikuwa chini ya meza anakusanya vipande vya vitambaa. Sindano alikuwa anamtazama mdogo wake kwa jicho la kutaka kumtoboa.

"Babu," Sindano akasema, "mimi sitaki kwenda. Lakini kusoma nataka."

Kesho yake Fundi Pindo alifunga baraza mapema, akaenda sokoni na akiba yake yote. Pale sokoni palikuwa na kijana mwenye spika kubwa, anauza vifaa vya sola. Spika inapiga kelele, "Sola! Sola! Lipia jua mara moja!" Watu wamejaa.

"Nataka umeme wa nyumbani," Fundi akasema.

"Mzee, umefika. Unataka ipi?"

"Kubwa kuliko zote."

Yule kijana hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Hakuuliza watawasha nini. Alimpa paneli kubwa, betri ya gari iliyokwisha kutumika, waya na balbu. "Hii waya hapa, hii waya pale, umemaliza. Hata mtoto anafunga." Fundi akarudi nyumbani na mkokoteni, anatembea mbele yake kama bwana harusi.

Wakaipandisha paneli juu ya bati la jiko, upande wa nyuma ambako wezi wa barabarani hawaioni. Wakaunganisha waya. Jioni ile balbu ikawaka. Kifungo alicheza. Fundi Pindo alifunua cherehani barazani, akashona gauni zima wakati wa jioni, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu enzi zile. Alikuwa anaimba chini chini.

Asubuhi akapanda kuitazama paneli yake. Akakuta vumbi. Barabara yao ilikuwa ya vumbi sana, na ndege walikuwa wameshapita na kuacha salamu. Roho ikamuuma. Kitu kipya, kizuri, kinang'aa kama kioo, halafu kikae hivihivi uchi, jua linakichoma, ndege wanakidhalilisha?

Akashuka. Akafungua sanduku la mkewe. Akatoa kitambaa kikubwa kuliko vyote, kile cha mezani, cha sikukuu. Akapanda nacho, akaivisha paneli, akafunga pembe nne kwa uzi. Ikapendeza, ungedhani inapokea mgeni.

"Babu," Kifungo akauliza kutoka chini, "itaona?"

"Kitambaa kina matundu. Jua litapita kwenye matundu."

Sindano alikunja uso. Alitaka kusema kitu. Lakini kile kitambaa kilikuwa cha bibi, na babu alikuwa anakinyoosha pembe kwa pembe, polepole, kama mtu anayemtandikia mgonjwa kitanda. Akaingia ndani kuchukua daftari lake.

Jioni ya pili balbu ikawa ya njano. Ya tatu ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Baada ya hapo haikuwaka tena. Fundi akaitikisa, akaipuliza, akaitukana. Akaenda sokoni, akakuta yule kijana kahama na spika yake, hakuna anayejua kaenda wapi.

"Sola ni uongo," akatangaza barazani. "Uongo mtupu! Nimenunua kioo."

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio.

Basi Jumamosi moja asubuhi kukaja mteja. Mwanamke wa makamo, mwenye mabega ya kazi, kachukua ovaroli mkononi. Alikuwa fundi wa sola, anaishi nyuma ya soko, na kwa sababu hatembei bila ngazi yake watu walimwita Fundi Ngazi. Siku hiyo pia ngazi ilikuwa begani.

"Mzee shikamoo. Mfuko umeng'oka. Naweka spana, spana zinaing'oa."

"Marahaba. Mfuko wa kuwekea leso wewe unaweka chuma! Lete. Nitautia kitambaa mara mbili."

Akakaa kusubiri. Akainua kichwa, macho yakapita pembeni mwa nyumba mpaka juu ya bati la jiko. Akasimama. Akasogea pembeni aone vizuri. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ngazi asianguke.

"Mzee, ile ni paneli au bi harusi?"

Cherehani ikasimama.

"Kicheko gani hicho kwenye nyumba ya watu?" Fundi Pindo akasema. "Kitambaa kile kafuma mke wangu. Kwa mkono wake. Na hayupo."

Kicheko cha Fundi Ngazi kikakatika. Akaishusha ngazi chini.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikujua." Akakitazama tena kile kitambaa, safari hii kwa utulivu. "Ni kazi ya mtu mwenye subira. Lakini niruhusu nikuonyeshe kitu. Usiniamini mimi, uamini macho yako."

Akaegemeza ngazi, akapanda, akatoa kipimo chake chenye waya mbili. Sindano akamfuata bila kuitwa.

"Binti, soma hapa."

Sindano akasoma namba. Ilikuwa ndogo.

"Sasa mwambie babu atoe kitambaa."

Fundi Pindo alipanda mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine. Akafungua nyuzi, moja, moja, akakikunja kifuani.

"Babu!" Sindano akapiga kelele. "Imepanda! Imepanda sana!"

"Paneli haili joto, mzee, inakula mwanga," Fundi Ngazi akasema. "Mwanga kidogo, chakula kidogo. Ona." Akaweka kiganja juu ya kona moja ya paneli. Namba ikashuka. "Kona moja tu nimeziba, ona inavyosinyaa. Na upande huu wa nyuma kuna kivuli cha nyumba kuanzia mchana. Kwa hiyo umeivisha, halafu ukaiweka kivulini. Maskini, ilikuwa inafunga."

"Na vumbi je? Ndege?"

"Unaifuta. Asubuhi kabla haijapata moto, maji na kitambaa laini, basi. Ikiwekwa na mwinamo mzuri, hata mvua inakusaidia."

Wakashuka. Fundi Ngazi akaiona ile betri ya gari chini ya meza, waya zimefungwa moja kwa moja, na uso wake ukabadilika.

"Hii hapana. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu gari lenyewe linaijaza. Wewe unaitoa kidogo kidogo jioni nzima mpaka inakauka, inakufa. Na hakuna kontrola ya kuilinda isijae mno wala kukauka, hakuna fyuzi. Ndani ina tindikali, watoto wako hapa. Itabidi irudi kwa wanaozichakata. Usiifungue, usiimwage."

Fundi Pindo akakaa kwenye kiti chake kwa uzito.

"Kwa hiyo niliibiwa."

"Paneli yako ni nzima, imepima vizuri. Hujaibiwa, umekosea kipimo." Fundi Ngazi akavuta kigoda. "Niulize wewe. Mtu akija hapa akakwambia, fundi nishonee nguo kubwa kuliko zote, unafanyaje?"

"Namuuliza inavaliwa na nani."

"Na sokoni wewe ulisemaje?"

Kifungo akajibu kutoka chini ya meza. "Kubwa kuliko zote!"

Hata Fundi Pindo ikabidi acheke.

"Haya, nieleze," akasema. "Lakini nieleze kwa lugha yangu. Hizi sola ziko ngapi?"

"Kwa nyumba za kawaida, sema aina nne. Ya kwanza ni taa ya mkononi. Ina paneli yake ndogo mgongoni. Mchana unaianika, jioni unaiwasha, zingine zinachaji na simu. Hiyo ni kofia. Unanunua, unavaa, umemaliza. Ukihama chumba unahama nayo."

"Inatosha kusomea?" Sindano akauliza.

"Mtu mmoja, ndiyo. Watu watatu mtagombana. Ya pili ni seti ya boksi. Paneli ndogo, kisanduku chenye betri na kontrola ndani, balbu zake kadhaa, sehemu za kuchaji simu, pengine na redio. Hiyo ni sare ya shule. Imeshonwa tayari, inawafaa wengi, kufunga ni rahisi, na ukinunua duka zuri unapewa dhamana. Ila inavaa vya kwake tu. Ukitaka kuichomekea friji, itakukatalia."

"Ya tatu?"

"Ya tatu ni ya kupimiwa. Paneli yako, kontrola yako, betri yako ya sola, kila kitu kinachaguliwa kufuata matumizi ya nyumba. Ukitaka kutumia vitu vya umeme wa kawaida, televisheni, friji, unaongeza inveta. Yenyewe inaubadilisha umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Na uzuri wake, unaweza kuanza ndogo ukaongeza baadaye."

"Kama sare ya mtoto ninavyoiachia pindo refu," Fundi Pindo akasema. "Akikua nalishusha."

"Hapo umenielewa! Ukiiachia nafasi mapema. Kontrola ikiwa ndogo mno, kesho hutaongeza kitu."

"Haya, na ya nne?"

"Ya wenye nguzo."

Fundi Pindo akapiga goti. "Subiri! Shemeji yangu yuko mjini. Kajaza paneli, bati halionekani. Lakini umeme ukikatika mchana, feni inasimama! Jua liko juu ya kichwa chake, mwenyewe anajipepea na gazeti. Tulimcheka mpaka akatununia. Ndiyo maana nasema sola ni uongo."

"Msimcheke. Yake imefungwa kushirikiana na umeme wa nguzo, na haina betri. Kazi yake ni kupunguza bili, na kwa hiyo kazi ni nzuri sana. Umeme wa nguzo ukikatika, nayo inajizima makusudi. Kwa nini? Kwa sababu huko nje kuna mtu kapanda nguzo, kashika waya, anatengeneza. Umeme wa shemeji yako ukitoka nyumbani ukamfuata kule juu, unamuua."

"Lo!"

"Akitaka iwake hata umeme ukikatika, aweke betri, na inveta ya aina inayoweza kujitenga na nguzo. Hiyo wanaiita ya mchanganyiko. Tamu, lakini bei yake uisikie ukiwa umekaa."

Mfuko wa ovaroli ulikuwa umeshaisha kushonwa, lakini hakuna aliyeugusa. Fundi Pindo alikuwa ameshaweka tepu yake shingoni, kama anavyofanya mteja akiingia.

"Haya. Nipime."

"Unawasha nini na kwa muda gani?"

"Chumba cha watoto. Chumba changu. Baraza. Simu. Redio ya marehemu, inatumia betri za tochi na zinaniua."

"Baraza mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watoto wamalize kusoma. Na mimi nimalizie viporo." Akasita kidogo. "Na pasi. Nimechoka na pasi ya mkaa. Nataka ya umeme."

Fundi Ngazi akatikisa kichwa. "Mzee, kitu chochote kinachotoa joto, pasi, jiko, hita ya maji, kinakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka safari. Pasi moja inakunywa kuliko balbu zangu mia. Ukiitaka, tutakufungia mtambo wa hospitali. Pasi yako ya mkaa imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu. Ni moshi tu."

"Iwashie nje, ingiza ikiwa imeshashika. Iache iendelee na kazi yake. Hapa sioni haja ya inveta. Balbu za LED, zinakula kidogo zinang'aa sana. Kontrola. Betri ya sola. Fyuzi. Paneli unayo, na hiyo ni nusu ya safari. Siku za mawingu itaingiza kidogo, kwa hiyo betri tunaichagua yenye akiba. Na siku hizo mnapunguza matumizi, sawa?"

"Kama kitambaa kikiwa kidogo," Sindano akasema, "hushoni gauni la marinda."

Fundi Ngazi akamgeukia. "Huyu mtoto atakwenda mbali."

 Kusikia neno mbali, Fundi Pindo akaanza kupekua uzi ambao hakuwa na haja nao.

Vifaa alivikopesha Fundi Ngazi, Fundi Pindo atavilipa kidogo kidogo kwa kushona. Kazi ilifanyika kwa siku moja. Paneli ilihamia bati la mbele, mahali ambapo jua linakaa tangu asubuhi mpaka jioni, ikafungwa kwa vyuma ili wezi wapate taabu. Waya zikawa nene na fupi, maana waya nyembamba na ndefu, Fundi Ngazi alisema, zinakula umeme njiani. Betri ikapata sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na watoto. Kontrola ikapigwa misumari ukutani, na taa zake tatu ndogo: kijani betri imeshiba, njano tumia kwa akili, nyekundu zima. Kifungo akajiteua mlinzi wa kontrola. Kila aliyeingia ndani alipewa taarifa hata kama hajaomba.

Na jioni zikarudi. Si zile zile, Fundi Pindo alilijua hilo. Kiti cha mkewe kilikuwa kitupu. Lakini Sindano alikuwa anasoma bila kuinama, na jioni moja akaja rafiki yake na daftari, kesho yake wakaja wawili, na mmoja wao akalia kaibiwa kalamu. Fundi akasimamisha cherehani kusikiliza ule ugomvi.

"Babu, wanyamazishe," Sindano akasema.

"Waache," akasema. "Waache kwanza."

Halafu mwisho wa mwezi ukafika. Binti yake akafika Jumapili mchana, na mabegi mawili matupu. Gari la kurudi lilikuwa asubuhi. Na kama kwamba mbingu zilikuwa zinamsubiri, kulikuwa na mawingu tangu juzi, mazito, ya kijivu, hata vivuli vilikuwa havionekani.

"Baba, nimesikia una umeme," akasema, bado hajakaa. "Kifungo kaniambia. Na Kifungo pia aliniambia ulizimika."

"Huo wa kwanza ulizimika. Huu ni mwingine."

"Sawa. Nitauona."

Giza lilipoingia akawasha taa zote. Chumba cha watoto, chumba cha baba, baraza, zote. Akavuta kiti, akakaa katikati ya baraza na kukunja mikono.

"Unafanya nini, mama?" Fundi Pindo akamuuliza.

"Nausubiri uzimike."

Fundi Pindo alijaribu kushona. Uzi ukakatika. Akatunga tena. Ukakatika tena. Sindano alikuwa mezani na hesabu zake, lakini kalamu haikuwa inakwenda. Mabegi mawili yalikuwa mlangoni, wazi.

Mlinzi wa kontrola akatoka ndani anakimbia.

"Babu! Njano!"

"Ahaa!" binti akasimama. "Nilijua mimi. Nilijua!"

Zamani Fundi Pindo angejitetea. Angeilaumu betri, angemlaumu aliyemuuzia, angeitukana sola yenyewe. Safari hii aliweka mkasi chini taratibu.

"Mwanangu, kaa. Leo siku ya tatu hakuna jua. Paneli imeingiza kidogo. Hiyo njano ndiyo inatuambia. Haijaharibika, inasema ukweli. Kifungo, siku ya njano tunafanyaje?"

"Tunazima vyumbani! Redio basi! Simu mpaka kesho! Taa ya kusomea inabaki!"

"Haya, fanya."

Kifungo akapita chumba hadi chumba, tap, tap. Nyumba ikarudi gizani, ikabaki taa moja tu juu ya meza ya Sindano. Nyeupe, imetulia, haitikisiki.

"Na hiyo itadumu?" binti akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ikibaki peke yake, atamaliza kusoma na itabaki na akiba. Kesho jua lisipotoka, tutakula akiba kwa adabu. Tumepimiwa, mama. Tunajua tulicho nacho."

 Binti alisogeza kiti kwenye mwanga. Akavuta daftari la Sindano, akalitazama, akageuza kurasa.

"Hii hesabu ya sehemu umekosea."

"Wapi?"

"Hapa. Leta kalamu." Akaanza kuandika, halafu akaacha katikati. "Baba, unakumbuka mama alivyonifundisha sehemu? Alikuwa anakata uzi. Nusu, robo, nusu ya robo. Anavipanga juu ya paja langu."

"Nakumbuka. Nilikuwa namgombeza, anamaliza uzi wangu."

"Alikuwa anasema, mwache baba yako, yeye uzi ataununua, wewe akili nitakununulia wapi."

Fundi Pindo akacheka, halafu akafuta jicho kwa ncha ya tepu. Binti akanyoosha mkono kwenye bobini, akakata kipande kirefu cha uzi mweupe, akakipima mezani mbele ya Sindano.

"Haya, huu mzima. Nikate wapi nipate robo tatu?"

Wakaendelea hivyo. Nje mawingu, ndani vipande vya uzi vimejaa meza. Kifungo alikuja kutangaza "bado njano" mara nyingi mpaka akalala amekaa, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Sindano akapata ya kwanza, akapata ya pili, ya tatu akaifanya peke yake bila uzi.

Mama yake akaitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa anajifanya anatafuta kifungo sakafuni. Akamnyanyua Kifungo begani, akayasukuma mabegi, bado matupu, kwa mguu mpaka ukutani, njia ipitike.

"Sindano, kusanya madaftari yako. Baba, zima hiyo taa, msiimalize bure," akasema. "Watoto walale. Kesho shule."